Mwanamke Aliyepanda Mlima Ukutani

Mghoi mwanangu,

Uko hapo ng'ambo ya shamba kwa mama mdogo wako Mkamburi, unaaga. Nikisimama mlangoni nikaita utanisikia, kwa hiyo salamu sikuandikii, tutapeana ukirudi. Nimeshika kalamu kwa sababu yapo maneno ambayo mdomo wangu huyaharibu. Unanijua. Nikianza jambo, mtu mmoja akicheka, nasahau nilikuwa nataka kusema nini na kuanza kumtafutia kicheko kingine. Kwenye karatasi hakuna wa kunichekea.

Kesho asubuhi tunateremka Voi upande basi, na kesho kutwa wale watu wa kampuni ya matangazo watazima taa waangalie filamu yako ya kwanza, halafu waseme kama wanakutaka ama hawakutaki. Sikufundishi kuvuka barabara. Nairobi umesoma huko, unaijua kuliko mimi ambaye hadi leo nikishuka stesheni huwa naangalia watu wengi wanaelekea wapi nami nawafuata. Mambo ya sanduku, sweta na chakula cha njiani nimewaachia ninyi wawili. Mimi nataka kuzungumza juu ya Jumapili.

Lakini siwezi kufika Jumapili bila kupitia kwenye gari la sinema.

Uhuru ulikuwa bado mbichi nilipopata kazi kwenye gari lile. Watu walidhani mimi ni dereva, na dereva alipenda wadhani hivyo, maana walinipa mimi lawama tukikwama. Kazi yangu ilikuwa nyuma: mashine ya picha, kitambaa cheupe, jenereta, na kipaza sauti. Filamu zenyewe zilisema Kiingereza. Namna ya kuchimba choo, namna ya kuchemsha maji, namna ya kupanda pamba kwa mistari. Sauti yake tuliizima, nami nikasimama kando ya mashine nikiwaambia watu kwa Kiswahili wanachokiona. Mahali pengine nilichanganya na Kidawida chetu, na kule Taveta nilikuwa na maneno machache ya kwao ya kuwachekesha wazee. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka yote uliyokuwa mtoto, kuwaambia watu wanachokiona.

Niliifanya vizuri, usinifanye nijinyenyekeze kwa uongo. Watoto walilikimbilia gari wakiita Bwana Sinema, na hawakuwa wanamwita dereva. Filamu ya choo niliisimulia mpaka wazee wakashika mbavu. Nilijua mahali pa kunyamaza kidogo ili wacheke, na mahali pa kukaza sauti ili waogope kipindupindu.

Siku moja tulikuwa Mata, kule karibu na mpaka, tukionyesha filamu ya kuosha mtoto mchanga. Mwanamke kwenye kitambaa alikuwa na beseni, taulo na sabuni, nami nikawa naeleza maji yawe moto kiasi gani. Mama mmoja akainuka katikati ya watu.

"Bwana Sinema, huyu mama hana watu?"

"Hana watu namna gani? Hapa tunasema juu ya sabuni."

"Amezaa juzi na anaosha mtoto peke yake. Mama mkwe ako wapi? Hata dada mmoja hana?"

Wengine wakaitikia. Kila swali lililoulizwa usiku ule lilihusu watu wa yule mwanamke. Wengine wakasema lazima amefukuzwa. Sabuni hawakuitaja hata mara moja. Mimi nilikasirika, kisha nikacheka, na kwa miaka nilikuwa nikilisimulia jambo lile kwenye vilabu vya Voi kama kichekesho, jinsi watu wa Mata walivyoonyeshwa sabuni wakatafuta mama mkwe. Kila mtu alicheka. Mama yako nilipomsimulia hakucheka. Alikuwa amekupakata, ulikuwa na miezi michache, na aliniuliza tu, "Ukawajibu nini?" Nikamwambia niliendelea na filamu. Akasema haya, akageuka kukutafutia nguo. Ulikuwa umeoshwa wakati huo huo, na sikumbuki kama kulikuwa na mtu wa kumshikia taulo. Mimi nilikuwa nimekaa mezani nikisimulia.

Nakuandikia hilo ili ujue jinsi nilivyo. Mtu akikaa miaka na kipaza sauti mkononi, kinageuka kuwa sehemu ya mwili.

Mama yako alikuja kuniona kazini mara moja tu. Tulikuwa Mwatate, kwenye uwanja wa mpira, na alishuka kutoka huku juu na wanawake wenzake, amevaa kitambaa chake kipya cha kichwa. Nilimwona amekaa mbele. Basi nikajitahidi, nikasema kuliko siku zote. Tuliporudi nyumbani kwa miguu nilingoja anisifu. Tukafika nusu ya mlima hajasema neno, nikamuuliza mwenyewe.

"Sauti yako ni nzuri," akasema. "Lakini unasema sana. Nilikuwa nimeingia ndani kabisa, ukanitoa."

"Nisiposema wataelewaje?"

"Wana macho."

Mwanangu, yale yalikuwa maoni ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kupewa juu ya kazi yangu na mtu aliyenitakia mema. Maofisa waliniandikia kwamba mashine ni safi na magurudumu yana upepo. Yeye aliniambia kitu cha kweli, tena kwa upole, nami nikanuna mpaka mlangoni. Nikamwambia kama hapendi sinema asije. Hakuja tena. Nikawa nasema kwa watu kwamba mke wangu si mtu wa sinema.

Sasa tuje kwako.

Uliporudi nyumbani likizo ile ya Krismasi na kile kioo chako na taa chini yake, ukaniambia unasomea kuchora picha zinazotembea, nilijua tumepoteza karo. Nisamehe, ndivyo nilivyofikiri. Kisha ukanikalisha ukanionyesha. Ukachora mguu, ukaweka karatasi nyingine juu, ukachora mguu ule ule umesogea kama unene wa kalamu, ukaweka nyingine. Karatasi nyingi namna ile kwa hatua moja tu ya mtu. Ukazikamata kwa pembe ukaziachia haraka, na mguu ukapiga hatua. Mimi niliyepitisha filamu kwenye vidole hivi maisha yangu yote sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba hatua moja ya mtu ina vitu vingi hivyo ndani yake. Tangu siku ile nilikusifu kila mahali mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Jumapili baada ya ibada ulikuwa umepanga vizuri. Mwalimu mkuu ametupa darasa na mashine ya shule, jenereta linanguruma nje, mablanketi yamefunika madirisha. Na kabla watu hawajaingia ulinishika mkono ukasema, "Baba, wewe umeangalia watu wakiangalia sinema miaka mingi. Nataka uniambie ukweli kabla sijaenda kwa hao wa Nairobi. Kaa tu uangalie." Nilikuitikia. Ulisema kaa, nami nikaitikia.

Taa ikazimwa, na mimi huyoo nimesimama kando ya mashine.

Filamu yako haikuwa na sauti, na nadhani hilo ndilo lililonimaliza. Darasa limejaa watu, giza, ukuta una picha, na hakuna anayesema. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Ule mpira wako ukaanza kudunda, nikasema, "Hapa tunaona mpira." Watoto wakacheka, na nikishasikia kicheko unajua mambo yamekwisha. Kipande cha sabuni kikaja kucheza ngoma, nikakiimbia. Yule twiga nikamwita karani wa wilaya. Nilikuwa nimerudi kijana. Nilikutazama mara moja kwenye mwanga wa mashine, ukawa unatabasamu kidogo, nikafikiri umefurahi.

Kisha akaja yule mwanamke anayepanda mlima.

Hukumchora uso. Mistari michache tu, kitambaa cha kichwa, gauni, mzigo wa kuni mgongoni, na njia inayopanda. Anapanda polepole. Kwenye kona anasimama, anaweka mkono wa kushoto kwenye ukingo wa udongo, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza kitu, kisha anajisukuma na kuendelea. Na kamba ya mzigo imepita kifuani.

Hapo nikaona kosa. Nilifurahi kuliona, nakwambia kweli, kwa sababu uliniomba ukweli na mpaka wakati huo nilikuwa sijakupa kitu ila mzaha. Nikasema kwa sauti yangu ile, "Hapa tunaona mama amebeba kuni. Lakini jamani, mchoraji wetu amekaa Nairobi mpaka amesahau kwao. Mama wa Kidawida anafunga kamba kifuani? Kamba inakaa kwenye paji la uso! Huyu labda ni mama wa Nairobi, amebeba kabati." Darasa likaangua kicheko, vijana wa nyuma wakapiga madawati.

Wanawake wa benchi la mbele hawakucheka. Niliona hivyo, kwa kuwa kuangalia watu ndiyo kazi yangu, nikafikiri hawajaelewa, nikarudia mzaha kwa Kidawida.

Filamu ikaisha. Uliwashukuru watu kwa kuja, ukarudisha filamu kwenye kopo lake. Njiani nilikuuliza kama nimesema vizuri ukanijibu, "Umesema kweli, Baba. Kamba haiko sawa."

Asubuhi yake nikakukuta mezani na mkasi. Ulikuwa umeshamkata na kuunga sehemu mbili zilizobaki. "Watu wa Nairobi hawataki makosa," ukasema, na nikakusifu mwanangu. Nilisimama hapo na kikombe changu cha chai nikasema huo ndio ustadi, mtu akubali kukosolewa. Nikaenda zangu kulisha ng'ombe nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Siku ya pili yake mama mdogo wako alikuja wewe ukiwa umeshuka sokoni. Hakukubali kiti. Wala hakuzunguka.

"Shemeji, yule wa ukutani ni dada."

"Dada yupi?"

"Unaniuliza dada yupi? Sisi wamama tulimjua hata hajafika kona. Kila mtu pale mbele alimjua. Ni wewe tu hukumjua, na wewe ndiye ulikuwa unatueleza."

Nikamwambia haiwezekani. Nilimwona mke wangu akibeba kuni mara ngapi, na kamba ilikuwa kwenye paji siku zote, hata alama ya kamba ilikuwepo hapa, naijua, nimeigusa.

"Ulikuwa unakuja nyumbani Jumamosi tu," Mkamburi akasema. "Jumamosi alikuwa anairudisha kwa paji. Mwaka wake wa mwisho huo hakuweza, kamba ikigusa kichwa macho yanaingia giza. Siku zingine zote alifunga kifuani, na mzigo ukifungwa hapo unavuta vibaya, ndiyo maana alikuwa anapumzika kwa kona. Mghoi alikuwa nyuma yake na mzigo wake mdogo. Mtoto ameona hiyo mgongo kila jioni."

Nikamuuliza kwa nini dada yake hakuniambia. Nilitaka kusikia kwamba alinihurumia kwa sababu ya kazi, au aliogopa hospitali. Unamjua Mkamburi, hapaki mtu mafuta.

"Nilimwambia akuambie. Akasema, nikimwambia ataanza kunieleza ninavyoumwa."

Kisha akanihurumia, naona, kwa sababu aliketi.

Wewe ulikuwa kidato cha tatu mama yako alipoanguka. Mimi nilikuwa upande wa Taveta, na niliporudi alikuwa ameshalazwa, na madaktari wakasema uvimbe kichwani ni wa siku nyingi. Nilibishana nao. Niliwaambia, na mikono nikairusha kama niko kwenye kipaza sauti, kwamba hauwezi kuwa wa siku nyingi kwa sababu mimi ningeona. Wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni mwa wodi na sare ya shule, ulisikia kila neno, na ulijua. Ulijua hata kabla ya siku hiyo na hukusema, si siku ile, si kwenye maziko, si miaka yote hii. Na Jumapili nilipokuambia mbele ya kijiji kizima kwamba mama yako umemkosea, ukasema, Baba umesema kweli.

Naumia, Mghoi. Sina neno lingine la kulipamba. Naumia kwamba alikuwa akibadilisha kamba nikija, kama mtu anayesafisha nyumba kwa ajili ya mgeni. Naumia kwamba nilimwona ukutani nikamtafutia kicheko. Na naumia kwamba wewe umejifunza kwake kunificha. Ninyi wawili mlinifunika kwa kivuli cha upole wenu, na mimi nikafikiri ni jua tu limetulia.

Hukukosea kitu pale. Mimi ndiye niliyekuwa nakumbuka mke wa Jumamosi, amenyooka, anapanda mlima ule bila kupumzika mahali. Wewe ulichora wa siku zingine.

Kwa hiyo sikiliza, nami nitajaribu kukupa sasa yale uliyoniomba kabla watu hawajaingia darasani.

Mpira unaodunda unachosha. Udunde mara mbili, yatosha, tumeelewa kwamba ni mpira. Sabuni inachekesha ila miguu yake ni mirefu mno, mtu anaangalia miguu badala ya sabuni, na hao watu wako wanauza sabuni. Twiga anatembea kama meza inayohamishwa na watu wanne. Hilo ni kosa kweli, na wakikwambia hivyo wakubalie. Nadhani twiga ulimchora kutoka kwenye kitabu, na Tsavo iko hapo chini, mtu akishuka na basi kwenda Nairobi anawaona kando ya barabara. Kesho mwangalie mmoja.

Watakuambia mengine nisiyoyajua. Wapo watakaokuwa na haki, na utawajua kwa kuwa maneno yao yatakuuma halafu jioni utaona aibu kwamba hukuliona kosa mwenyewe. Nakuomba tu usiwe na haraka ya mkasi. Mtu akikuambia mguu hautembei hivyo, au kamba haikai hapo, muulize kwa adabu ameona wapi. Huenda ameona kweli. Huenda ni mtu wa Jumamosi kama mimi, na sauti yake ni nzuri na chumba kizima kinacheka naye. Hao ndio wabaya zaidi, na mara nyingi hawana nia mbaya, na mara nyingine ni baba yako.

Usinyamaze ili kumstahi mtu. Mimi ningeaibika Jumapili ile, ndiyo. Ungesema, "Baba, huyo ni Mama," ningesimama pale na mdomo wazi mbele ya watu. Ningekuwa na aibu, lakini ningekuwa nimemwona zile sekunde zilizobaki, akijisukuma kutoka kwenye ukingo na kuondoka. Nilikosa hata hizo kwa sababu nilikuwa nakusanya kicheko.

Sasa nikwambie nililofanya jana.

Ulipokwenda Mwatate kutengeneza viatu, nilikwenda nyuma ya jikoni kwenye debe la takataka. Mama mdogo wako alikuwa bado hajazichoma. Kile kipande kilikuwa chini ya maganda ya ndizi, kimejikunja. Nikakifuta kwa kitambaa cha miwani. Si kirefu, nikikinyoosha ni kama leso moja iliyotandazwa. Nikakishika dirishani, nikamwona humo, mdogo kuliko ukucha, safu nzima ya yeye, na hakuna hata mmoja anayetembea. Kila mmoja amesimama na mzigo wake.

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu. Sikumweleza kitu, akashangaa. Akanipa ufunguo na mafuta ya jenereta kidogo. Nikaunga ncha mbili za kipande zikawa pete, jambo tulilofanya zamani kwenye gari tulipotaka kujaribu taa, na nikaipitisha kwenye mashine. Pete haina mwisho. Akapanda, akasimama kwenye kona, akaweka mkono, akasikiliza, akajisukuma, akaenda, na alipotoka tu kwenye ukuta akawa anaingia tena kutoka chini. Sijui alipanda mara ngapi. Nilikuwa peke yangu, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu. Kwanza nilitazama kamba. Kisha mkono. Baadaye nikaona vile kisigino cha kulia kinavyochelewa kuinuka, na nikakumbuka kuna mwaka viatu vyake vya kanisani viliisha upande mmoja, nami nikamlaumu fundi. Ulikiona kisigino kile ukiwa msichana wa shule na ukakiweka mahali mpaka leo.

Sikusema kitu, Mghoi. Jenereta likakohoa, mafuta yakaisha, ukuta ukawa mweupe kisha mweusi. Nilibaki gizani kidogo, kisha nikafunga darasa nikarudi nyumbani.

Pete nimeikata pale pale nilipoiunga, sikuongeza wala sikupunguza, na kipande kiko ndani ya bahasha hii. Ningeweza kukirudisha kwenye filamu yako mwenyewe, mikono haijasahau. Lakini nimeshaisemea kazi yako vya kutosha. Bahasha naiweka juu ya sanduku lako uione usiku huu, na mkasi na gundi viko mezani, na taa nimeijaza mafuta. Ukiona afadhali aende na wewe, muunge. Ukiona hapana, ni kazi yako.

Nakiri kwamba nilitaka kukificha. Ulikitupa, nami nimekiokota, nikajiambia sasa ni changu. Picha tuliyo nayo hapa ukutani alipigwa studio Voi amekaa kitini, mikono mapajani, hatikisiki. Hakuna mahali pengine duniani mama yako anapotembea ila kwenye kipande hiki, na nikikupa, ukakipeleka, na wale watu wakakipenda wakakiweka kwenye makabati yao, sijui kama nitamwona tena akipanda. Nimelifikiria hilo tangu jana. Nimekosa kumwona kwa uzembe wangu, na sitaki niwe pia niliyewazuia wengine wasimwone. Mchukue.

Nakusikia unaagana na Mkamburi pale kwenye migomba, mnacheka kitu, nifunge. Kesho kule Voi basi likiwa limewashwa, nikisimama tu bila kusema neno, usidhani nimenuna. Nitakuwa naangalia unavyotembea.

Ni mimi,
Baba yako